Mama alinikataa na uso wangu, akanijua nikiwa paka-mtu

Wakuu, salaam kwenu nyote kutoka kisiwani Mombasa.

Najua humu kuna mabingwa wa kusema "hii chai". Leo semeni mtakavyo. Sijaongeza sukari wala maziwa, na mimi mwenyewe niliyekuwepo bado sijaelewa nilichokiona.

Kwanza mnijue. Ni mtu wa makamo, karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, nakaa Kuze, Mji wa Kale, na mama yangu mzazi, kwenye nyumba alimoolewa. Mke sina kwa sasa, na hilo si mada ya leo.

Ugonjwa wangu ni sinema za watu kugeuka viumbe. Mtu anageuka mbwa mwitu, nyoka, popo, zote natazama. Ile sehemu mifupa inalia na kucha zinachomoza naweza kuirudia huku nakula.

Walevi wenzangu wa sinema hizi mnajua kuna kitu hakikosekani. Mnyama anasimama mbele ya mama yake au mchumba wake, wanatazamana, na yule mtu anamtambua kwa macho. Halafu wanampiga risasi.

Sasa nije kwa mama.

Mama amepatwa na maradhi ya kusahau. Alianza kusahau funguo, akaja kusahau kama ameshasali, mwisho akanisahau mimi. Bei ya nazi enzi za usichana wake anaijua. Lakini mimi nikiingia, anaona mwanamume mgeni ndani ya nyumba yake. Anajitanda leso, anaita majirani.

Nilikuwa nainama mpaka pua zetu zinakaribia kugusana. "Mama, nitazame usoni. Ni mimi, Swaleh." Nikamletea na picha. Ananitazama kwa adabu zote, kisha anasema:

"Swaleh yuko chuoni, yuwasoma. Akirudi akukute hapa nitamwambiani?"

Chuoni ni madrasa, wakuu. Nilitoka huko nikiwa sijaota ndevu.

Inauma. Nimelia msikitini, watu wakadhani nimezidi kumcha Mungu.

Dada yangu Zuhura, anayekaa Malindi, akakata shauri. Ijumaa atakuja kumchukua mama, maana mama hawezi kuishi na mtu anayemwogopa. Ila mama hajui tena siku wala mwezi, na humo ndani bado anatembea bila kupapasa. Niliona wakimtoa Kuze ndiyo atapotea kabisa.

Wiki hiyohiyo vijana fulani wa Makadara walikuwa wanapiga filamu fupi mitaani kwetu. Mtu anageuka paka. Director alisema mbwa mwitu atoke wapi hapa, lakini paka wa Mji wa Kale hata ukimwambia mtu ni jini hakatai. Wakanipa mimi niwe huyo paka-mtu. Nilishukuru mpaka nikaona haya.

Wakanipaka makeup. Manyoya usoni, pua ya mpira, masharubu, vyote kwa gundi. Manyoya yakaishia shingoni, director akasema haina neno, kamera haitashuka chini ya shingo. Basi nikawa paka juu, chini kikoi na ndara.

Baada ya alasiri, tuko katikati ya scene, simu ikalia. Ni Bi Mwanaisha, jirani anayeshinda na mama nikiwa kazini. Alitoka kidogo kuanua nguo, mama akatia komeo na hataki kumfungulia. Na jiko linawaka ndani.

Nikakimbia vilevile. Gundi ile ina dawa yake ya kuitoa, na kubandua ni shughuli. Muuza kahawa alianza Ayatul Kursi nikiwa bado mbali. Watoto wakanifuata wakicheka.

Nikapiga hodi. Mama akachungulia dirishani kupitia nondo, na hapo ndipo nikakumbuka sura niliyokuwa nayo. Mtu ananikimbia na uso wangu, mimi namletea huu. Nilitamani ardhi inimeze.

Hakupiga kelele. Akanitazama, akasema kwa ile sauti aliyokuwa akinisomeshea utotoni:

"Vua viatu, nionyesha miguu."

Kwa msiokuwa wa Pwani: sisi tumelelewa tukiambiwa jini hugeuza uso apendavyo, awe mrembo, awe paka, awe jirani yako. Miguu ndiyo inayomshinda, hubaki kwato. Ukimtilia mtu shaka, uso wake uache, tazama chini. Mama ndiye aliyenifundisha.

Nikavua ndara, nikapandisha mguu wa kushoto juu ya baraza.

Kidole gumba cha mguu huo hakina ukucha. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akitwanga, mchi ukamponyoka ukaniangukia. Ukucha haukuota tena.

Akakitazama kidole muda mrefu. Kisha nikasikia komeo.

"Mchi ulikuumiza sana siku ile," akasema. "Ulikuwa wapi siku zote hizi, Swaleh? Ndoo ule."

Nilizima jiko, nikakaa papo hapo jikoni na uso wa paka, mama ananimegea mkate wa mofa kwa mkono wake. Bi Mwanaisha kasimama mlangoni, hajui acheke au alie. Mimi nililia, gundi ikashika vilevile.

Sasa hapa ndipo akili yangu ilipokwama.

Nilirudi kwa wale vijana, wakanibandua, nikaoga, nikaja nyumbani na uso huu niliozaliwa nao. Mama akajivuta nyuma.

"Watakani hapa?"

Nikanyanyua mguu.

Akatazama kidole. Akapanda usoni. Akashuka tena kwenye kidole.

"Miguu ni yake," akasema. "Uso huu sijui kautoa wapi."

Lakini akanipisha nikaingia.

Ijumaa Zuhura akaja na gari. Mama akakataa kuinuka: "Siendi popote, mwanangu yuwaja sasa hivi." Na mimi nimesimama palepale. Nikavua kiatu, nikakaa chini, nikanyoosha mguu. Mama akaweka kiganja chake juu ya kile kidole, kama unavyomshika mtoto sokoni asipotee. Zuhura alilia, akarudi Malindi peke yake.

Siku hizi nikitoka kazini navua soksi nje na kutanguliza mguu wa kushoto, japo tumefunzwa kuingia na wa kulia. Kuna siku kidole nacho hakimwambii kitu. Siku hizo nakaa barazani mpaka kumbukumbu imjie.

Funzo nililopata ni hili: mgonjwa kama huyu usimlazimishe akujue pale unapotaka wewe. Tafuta pale anapokujulia yeye, hata kama ni chini kabisa.

Mwenye mzazi wa namna hii aniambie, wako anakujua kwa kipi? Na nyinyi wataalamu wa sinema nisaidieni, maana mimi nimeshindwa. Kwenye filamu zote, mtu huwa na uso wake, kisha akageuka mbele ya macho yetu. Mama hakuonyeshwa sehemu hiyo: alimpeleka mtoto chuoni asubuhi, akarudi dume lenye ndevu linalomwita mama.

Sasa kati yetu, ni nani aliyekuwa anatazama sinema ya kutisha?