Kompyuta Ilisema Mama Atapona

Kompyuta ilisema mama yangu atatoka thieta akiwa hai. Asilimia tisini na saba.

Saa nane mchana daktari akatoka, damu imemfika viwikoni. "Damu haigandi," aliniambia. "Tukifunga hapa, inavuja pale."

Niwaeleze ilivyokuwa. Mtanitukana baadaye.

Naitwa Ndambuki, mkaazi wa Kaloleni, Voi. Nilikuwa nakusanya data ya utafiti. Watafiti walitaka kompyuta ijifunze kubashiri nani atapona baada ya upasuaji na nani hatapona. Mimi niliwahoji wagonjwa kabla hawajapasuliwa, maswali arobaini, na daktari pia alikuwa anaisoma fomu hiyo. Jina la hospitali sitalitaja.

Swali la kumi na tisa lilikuwa hili: unatumia dawa za miti shamba?

Jamani, hilo swali! Huku kwetu mtu wa kanisa akinywa mizizi, pasta hajui. Mzee mmoja wa Mboghoni, Zephaniah, aliniinulia bakora. "Kijana, unaniona mimi mchawi?"

Nikachoka. Si wote wanasema hapana? Basi nikawa natiki "hapana" asubuhi nyumbani, fomu ishirini kwa mpigo, chai mkononi. Nikifika kwa mgonjwa naruka kutoka kumi na nane hadi ishirini.

Bosi wangu, Gertrude, alinisifu mbele ya wenzangu. "Fomu za Ndambuki ndizo safi. Hazina pengo hata moja."

Kichwa kikavimba.

Mwaka wa pili kompyuta ikaanza kutumika. Ndipo mama yangu, Nzembi, akapatikana na mawe kwenye nyongo. Operesheni ya kawaida tu, tuliambiwa.

Fomu yake nilimjazia mwenyewe, jikoni kwake, akichambua mchicha. Alijibu kila kitu kwa makini, hadi mwaka aliong'olewa jino. Nilipofunga kalamu akauliza, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Akanitazama kidogo, akarudi kwa mchicha wake.

Alikufa saa kumi jioni. Pakiti sita za damu hazikumsaidia.

Dinah, muuguzi wa thieta, alinifuata kwenye benchi na fomu yangu mkononi. "Ndambuki, mama alikuwa anatumia miti shamba? Kuna mizizi inazuia damu kuganda. Tungejua, tungemwambia aache kwanza, tungengoja wiki mbili."

Nilisema sijui. Aliyejua ni Kaveke, jirani yake mama, aliyekuwa analia kando yangu.

"Amekunywa supu ya mizizi tangu Januari, sababu ya magoti. Nilimwambia, mwambie daktari. Akasema, 'Kuuliza ni kazi ya Ndambuki. Akifika hapo nitamwambia. Mtoto wangu simfichi.'"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka.

Baada ya mazishi nilikiri kwa Gertrude kila kitu. Fomu mia tatu na kumi na mbili, zote nimetiki swali la kumi na tisa bila kuuliza.

Akanigeuzia laptopu nione. Fomu mpya haikuwa na swali la miti shamba. Watafiti walikuwa wameliondoa, kwa sababu data ilionyesha watu wa huku hawatumii. Data yenyewe ni mimi na chai yangu. Na ile kompyuta ilikuwa imeshapelekwa hospitali nne zaidi.

"Nitawaandikia wakubwa," Gertrude alisema.

Kazi nilifutwa siku hiyo hiyo, na nilistahili. Miezi saba imepita. Juzi nilimpigia Dinah, akaniambia fomu ni ile ile, bado haiulizi. Nimeandika barua tatu, sijajibiwa hata moja. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yangu bado yanatiririka.

Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Mama hakuficha. Alingoja mwanawe amuulize.

Kwa hivyo ukienda kupasuliwa, ndugu yangu, usingoje swali. Sema unachokunywa, hata kama pasta amesimama hapo. Anayekujazia fomu huenda ni mtu kama mimi.