Mlango Uliomtii Kila Mtu

Mdogo wangu aliponipigia simu Jumamosi ile akasema, "Dada, njoo uone kitu," nilijua hata kabla sijavaa viatu kwamba nitarudi nyumbani na moyo mzito. Kila aliponiita kuona kitu, kilikuwa kitu ambacho mimi sina. Kwanza jiko la gesi, kisha vigae vya sebuleni, kisha gari. Safari hii ulikuwa mlango.

Yeye na mumewe wana mashine ya kukamua alizeti, na nyumba yao iko pale mji wa Singida unapoishia na mawe makubwa yanapoanza. Walikuwa wamejenga gereji ubavuni mwa nyumba. Kwa wengi wetu gereji ni pale kwa mafundi, penye oili chini na magari yasiyo na magurudumu. Ya kwao ni chumba cha kulaza gari, sakafu ya saruji iliyolainishwa, na mbele mlango mzito wa chuma uliokatwa vipande vipande, unaopanda juu na kujilaza chini ya dari.

Tulisimama uani watatu: yeye, mimi na mama. Mama alikuwa amekuja kutoka Mtinko kutibiwa macho, na amefikia kwa mdogo wangu. Jikoni, karibu na dirisha lililo wazi, juu ya kabati, palikuwa na spika ndogo ya duara, ukubwa wa kikombe cha uji. Mdogo wangu akaisemesha kwa Kiingereza, akaiamuru ifungue gereji. Ikawaka taa ya bluu, ikajibu kwamba haijaelewa. Akarudia. Haikuelewa tena.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nimefundisha sekondari zaidi ya miaka ishirini, na mdogo wangu mwenyewe nilimfundisha mezani kwa mama, alipokuwa akichanganya kila neno na kulia. Kwa hiyo ile spika ilipomkatalia mara ya pili nilisikia utamu fulani kifuani, nami nikaangalia pembeni usije ukaonekana usoni. Mara ya tatu alitamka polepole, kama anayesoma ubaoni. Mlango ukaguruma kule upande wa pili wa kona, tukawahi kuuona ukipanda.

Mama akapiga vigelegele.

"Umeona, mwanangu?" akaniambia. "Mlango unasikia!"

"Nimeona, mama."

"Hata haujaguswa!"

Nilipoanza kazi, mshahara wangu wa kwanza wa maana ulikwenda kwenye paa la nyumba ya mama kule Mtinko. Nilitoa nyasi, nikaweka bati. Alishukuru vizuri, kisha akauliza kama bati litapiga kelele mvua ikinyesha. Vigelegele sikuvisikia. Jambo hilo nilikuwa sijalikumbuka kwa miaka mingi, na nililikumbuka pale pale, nimesimama mbele ya mlango wa watu.

Shemeji yangu akatoka kutueleza. Spika ile imeunganishwa na mlango kupitia intaneti. Kwa kawaida ukitaka kufungua kwa sauti inakudai kwanza namba ya siri, lakini ilikuwa haisikii vizuri tarakimu zao, basi fundi akaiondoa. Tena kuna macho mawili madogo yanayokaa chini, moja kila upande wa mlango. Yanatazamana, na kitu kikipita katikati, mlango haushuki. Hayo nayo yaliwasumbua. Kuku wakipita, mlango unagoma. Upepo ukileta vumbi, mlango unagoma. Shemeji akayang'oa, akayafunga juu kwenye boriti yakitazamana yenyewe kwa yenyewe, mlango ukawa unaamini siku zote kwamba chini hakuna kitu. Hata nguvu ya injini iliongezwa ili mlango ushinde upepo.

"Si hatari hiyo, shemeji?" nikauliza.

Akacheka. "Shemeji, nani atakaa chini ya mlango?"

Ningependa kuandika kwamba niliuliza kwa sababu nilikuwa na wasiwasi. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta kasoro.

Siku ile nilimwomba mama aje akae kwangu angalau wiki moja. Akaniambia, "Nitakuja, mwanangu. Ila hapa kuna upepo mzuri." Nikaondoka peke yangu. Geti langu ni la bati, limefungwa kwa mnyororo, na ukitaka kulifungua unalinyanyua kwa bega.

Nikaanza kwenda kwao karibu kila siku baada ya vipindi, kwa kisingizio cha kumjulia mama hali. Siku moja nilibaki peke yangu jikoni, nikaisemesha ile spika kwa sauti ya chini. Ilinielewa mara moja. Nikasikia mlango ukipanda huko nje, nikauamuru ushuke, ukashuka. Nilifurahi kama mtoto. Kifaa cha mdogo wangu, ndani ya nyumba ya mdogo wangu, kilinielewa mimi kuliko yeye. Baada ya hapo, kila nilipopata nafasi niliufungua na kuufunga, bila shughuli yoyote, kwa raha tu ya kutiiwa.

Kisha ikaja alasiri ile ya wageni. Wanawake wa jumuiya walikuja kumwona mama, wakakaa sebuleni. Nilifika wakiwa kwenye soda, nikawasalimia wakubwa shikamoo, nikatoka tena uani kupokea simu. Nilipomaliza kuongea nilikuwa karibu na dirisha la jikoni, na mlango kati ya jiko na sebule ulikuwa wazi. Nikamsikia mdogo wangu anawaeleza wageni juu ya mlango wake. Akawaambia unamsikia yeye tu. Mmoja akasema, "Mungu amekubariki, mama yako amepata pa kupumzikia," na wengine wakaitikia.

Kilichonipanda sikukifikiria. Nilitaka wageni wasikie mlango ukiguruma wakati yeye amekaa kimya na soda mkononi, wajue kwamba unamsikia kila mtu. Asubuhi ile gari lilikuwa limetoka na shemeji, mlango ulikuwa wazi juu. Nikaingiza kichwa dirishani, nikatoa amri ya kufunga kwa sauti ya chini. Kiingereza safi. Mara moja.

Pale nilipokuwa sikuweza kuuona mlango. Kona ya nyumba ilikinga. Nilidhani mama yuko sebuleni na wageni wake. Kumbe alikuwa ametoka, amechukua ungo na ulezi, amekaa sakafuni kwenye kizingiti cha gereji ambapo upepo unapita, anapeta, miguu ameinyoosha nje. Macho yake yalikuwa bado hayajapona, na nadhani kwa upepo ule hakusikia vizuri.

Nilisikia akipiga kelele kwa Kinyaturu, akimwita marehemu mama yake.

Nilipozunguka kona, mguu mmoja alikuwa ameuvuta na mwingine umebanwa, mlango umekaa juu ya muundi, ulezi umemwagika kila mahali. Nikashika ukingo wa mlango nikanyanyua. Haukusogea. Nikakimbia dirishani nikatoa amri ya kufungua kwa kelele. Spika ikajibu kwa upole kwamba haijaelewa. Nikarudia, maneno yananikwama mdomoni. Haijaelewa. Miaka ishirini na zaidi ya kusahihisha matamshi ya watoto wa watu, na sikuweza kutamka maneno mawili.

Mdogo wangu hakusema na spika. Aliingia gereji kwa mlango wa ndani, akarukia kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli, akaivuta kwa uzito wake wote. Ile kamba inatenganisha mlango na injini. Akapaza sauti, "Nyanyueni sasa!" Wageni walikuwa wameshatoka mbio. Tukanyanyua wote kwa mikono, na mama akatolewa.

Mfupa ulikuwa umepata ufa. Hospitali walimfunga plasta, wakasema kwa umri wake ameponea chupuchupu. Tukiwa kwenye benchi la nje, mdogo wangu aliniegemea akalia.

"Ni mimi, dada. Nilikuwa naongea kuhusu mlango, imenisikia vibaya ikafunga. Nimemvunja mama."

Nikamwambia, "Usijilaumu. Vifaa hivi havina akili." Nikampigapiga mgongoni. Nilisema hayo kwa mdomo ule ule uliotoa amri.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne nilimkuta jikoni kwake, nafasi ya spika juu ya kabati iko tupu, nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti.

"Ilikuelewa mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nenda ukamwambie mama. Mimi simwambii."

Mama alikuwa amelazwa chumba cha wageni, mguu juu ya mto. Nilipomaliza kueleza alinigeuzia uso.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilikuwa na wivu, mama."

"Wivu wa mlango?"

"Wa wewe kukaa huku."

Akafikiri. "Kwako nashinda peke yangu," akasema. "Unarudi jioni na madaftari. Nikikusemesha, unaitikia bila kuniangalia. Hapa kuna watu." Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira.

Shemeji aliyashusha yale macho mawili akayarudisha mahali pake, akapunguza nguvu ya injini, akatenganisha mlango na intaneti kabisa. Kuku walijengewa banda. Sasa wanatumia rimoti, na anayefunga anasimama mahali anapouona mlango mpaka uguse chini. Mdogo wangu alinisamehe kwa mdomo, nami naamini alimaanisha, ingawa kwa muda mrefu baadaye kila nilipoingia jikoni kwake naye aliingia, asiniache humo peke yangu.

Plasta ilipotolewa, mama alitaka kurudi Mtinko kabla ya mvua za kupandia. Tulimpeleka kwa gari. Alikaa mbele, kando ya mdogo wangu, mimi nikakaa nyuma na magongo yake. Njia nzima waliongea Kinyaturu na kucheka, wakikumbuka ng'ombe fulani aliyetusumbua zamani, ng'ombe ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimchunga. Nilitaka kuwasahihisha mara mbili tatu, nikaacha. Mahali fulani mama aligeuka akaniuliza kama nimekaa vizuri huko nyuma.

"Nimekaa vizuri, mama," nikamwambia.