Nilivyosahaulisha Kisanduku cha Ndosho

Hapa Ndosho, ukiona kamera juu ya mulango wa depo ya bidhaa, uliza nani aliifunga. Watakuonyesha kwangu. Masomo yangu yaliishia mwaka wa ine wa primere, lakini wenye diplome zao wananiita papa injenia. Maandishi ya hizi mashine ni ya Kiingereza, mara ya Kichina, na mimi sisomi hata moja. Nilijifunza kwa kuhesabu: swali la kwanza ni luga, la pili ni saa, la tatu unasema ndiyo, la ine unasema ndiyo. Kwa hesabu hiyo nimejenga nyumba ya mabati mapya na kusomesha watoto.

Mama aliyeniita alikuwa muke wa muuzaji wa samaki wa chumvi wanaotoka Vitshumbi. Siku sita mbele ya kuniita, muchana, watu walishuka kwenye gari mbele ya depo yao wakamubeba bwana yake. Mama alikuwa sokoni. Majirani walisema hawakuona kitu, na siku hizi hakuna wa kuwalaumu. Iliyoona ni kamera. Lakini kode ya kufungua kisanduku kinachotunza picha ilikuwa kwenye kichwa cha bwana peke yake.

Jamaa walikuwa wamefika kutoka Butembo, wanauliza kama waanze matanga. Mama alikuwa amekataa.

"Papa, nataka tu nione gari na sura ya wale batu. Nikijua ni batu ba nani, nitajua niende kupiga magoti kwa mulango gani."

"Mama, tulia. Nitakirudisha vile kilitoka kiwandani. Kitasahau kode, lakini picha zitabaki kwenye diski. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nywele zangu."

Na ni kweli. Nikazima, nikafungua kifuniko, nikabonyeza kitufe kidogo cha ndani kwa njiti ya kiberiti, nikawasha bila kuachia. Nilipohesabu kumi na tano, kikalia. Kode ikawa imekwenda. Luga nayo ikawa imekwenda: maswali yote yakatoka kwa Kichina.

Binti yake, anayesoma iniversite, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Papa, ngoja kwanza. Nipige foto na telefone, itatutafsiria."

"We mutoto, hii kazi haisomwe, inahesabiwa. Kama ingekuwa ya kusoma, mungeniita mimi?"

Mama alicheka kidogo. Binti alipiga foto yake vilevile.

Swali la tatu, ndiyo. La ine, ndiyo. Kukatokea mustari wa kijani, ukaanza kujaa polepole. Kwenye visanduku nilivyozoea hakuna kitu cha kijani. Niliuangalia mpaka ukajaa.

Kisha kamera ikaonyesha mulango wa depo vile ulivyokuwa dakika ileile: mawe meusi, mwanamuke anapita na bidon ya maji. Nikatafuta jana. Hakuna. Nikatafuta ile siku. Hakuna.

"Mama," nikasema, "diski iliungua. Ni huu umeme unaokatika-katika."

Alikaa juu ya gunia la chumvi.

"Basi ni mimi. Bwana alitaka kununua batri ya kulinda hii mashine. Nikamwambia tuanze na frigo ya jikoni. Ni mimi."

Nilikunja waya zangu, nikaenda.

Kisha siku tatu, binti akanifuata kwenye atelye yangu ya kazi. Nilimupa kiti, hakukaa. Alifungua telefone, akanisomea: "Picha zote zitafutwa na hazitarudi. Uendelee?"

"Hapa ndipo ulisema ndiyo," akasema.

"Visanduku havifanane, mwanangu."

"Sikuje juu ya kisanduku. Mama halale. Anasema ni yeye alimumaliza papa kwa sababu ya frigo. Na jamaa wamesema, kama picha haiko, matanga yaanze leo. Uende umuambie mbele yao."

Nilipanda pikipiki, nikaenda. Walikuwa wametandika hema, viti vya plastiki vimejaa. Sanduku la maiti halikuwepo. Juu ya meza ndogo waliweka foto ya ndoa. Mama aliponiona akainuka, akanishika mukono mbele ya watu wote.

"Huyu papa alijaribu," akawaambia. "Kosa ni yangu."

Binti alikuwa kwenye masufuria, anachota chai. Aliacha kuchota.

Nikasimama katikati ya viti. Muzee mumoja wa jamaa, kaka wa bwana, akaniangalia, akainua mukono.

"Tusimame. Papa anataka kutuombea."

Viti vikalia, watu wakasimama. Wanaume wakavua kofia. Mama akainamisha kichwa, mukono wake bado uko ndani ya wangu. Mimi maneno hayajawahi kunikosa, wote wa Ndosho wanajua. Nikafanya ishara ya musalaba, nikasali. Walisema nilisali vizuri.