Alfred wa Anoka na Mama Yake Jacob

Nilipofika Anoka kumtembelea binti yangu Elinaja, mwaka wa 1996, theluji ilikuwa imeshayeyuka, ila watu wa pale waliendelea kuizungumzia kama mgeni aliyesahau kofia yake na atarudi kuichukua. Elinaja alikwenda Amerika kusoma, akabaki. Ni mhandisi wa barabara, na kila siku kabla jua halijakolea alikuwa ameshaondoka kwenda kazini. Mimi kukaa kwenye kochi sikuzoea. Nimezunguka maisha yangu yote, Same, Korogwe, Voi, mara nakata mkonge, mara nachuuza sufuria, na miguu yangu haijui habari za kustaafu. Siku ya tatu nikatoka kwenda kuuangalia mto, na kwenye ua wa jirani nikamkuta Alfred.

Yeye ndiye ninayetaka kuwaeleza. Alikuwa na miaka sabini na minne, mrefu, mwembamba, na kichwani alivaa kofia ya posta aliyoambiwa airudishe, akagoma. Miaka thelathini na mmoja aligawa barua Anoka kwa miguu. Alijua nyumba gani ina mbwa mkali na nyumba gani ina mama mkali kuliko mbwa. Mkewe alishafariki, akabakiwa na paka mmoja mnene na maboksi mawili ya viatu yaliyojaa kadi.

"Unaitwa nani, bwana?" akaniuliza. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, nilikiokota mashamba ya mkonge, lakini hicho nilikielewa.

"Naftali Eliakimu."

"Ala! Jirani yangu ni Elinaja Naftali. Wewe ni mkwe wake?"

"Ni baba yake."

"Baba wa kumlea?"

"Wa kumzaa! Naftali ndiyo mimi."

Akakunja uso, akacheka, akanikaribisha kahawa. Hakuelewa, na mimi sikujua kwamba hakuelewa.

Kahawa ilikuwa nyepesi, lakini maneno yalikuwa mazito. Jina lake kamili ni Alfred Van Noord. Wazee wake walitoka Uholanzi zamani sana, wakati New York bado ni koloni la Waholanzi. Tangu astaafu alikuwa akiwatafuta kwenye vitabu vya ubatizo vya makanisa ya zamani, kizazi kwa kizazi, kila mtu na kadi yake. Amerudi nyuma vizuri mpaka kwa Jacob Van Noord, aliyeoa mwaka 1731. Hapo njia ikakatika. Jacob hana baba, hana mama.

"Na sasa nina haraka," akasema. Mjukuu wake Dinah alikuwa amejifungua mtoto wa kike, naye aliahidi hivi: babu akimpata mama yake Jacob kabla ya ubatizo, mtoto atapewa jina la huyo mama. Asipompata, ataitwa Brittany.

"Brittany ni jina baya?"

"Si baya. Mtaa huu peke yake wapo watatu."

Simu ikalia. Alikuwa dada yake, Margaret, anayekaa Oakdale, na sauti yake niliisikia mpaka nilipokaa. "Umempata, Alfred, au bado sisi ni uyoga, tumeota tu baada ya mvua?"

"Bado, Margaret."

"Basi mwambie Dinah ashone jina la Brittany kwenye blanketi!"

Zilibaki wiki tatu. Kila Jumanne na Alhamisi tulipanda gari lake mpaka Golden Valley, kwenye kanisa lenye chumba cha chini cha kumbukumbu za koo. Kule kuna mashine kama televisheni; unaingiza mkanda wa filamu, unazungusha mpini wake, na kurasa za vitabu vya zamani zinapita mbele yako. Alfred alizungusha, mimi nilikaa kando yake, maandazi ya Elinaja mfukoni. Mama mtunza chumba alikataza kula. Tulikula tukiwa tumeinama.

Wiki mbili hatukupata kitu. Alhamisi ya mwisho Alfred akasema, "Leo tukikosa, nampigia Dinah."

Sasa, mimi darasa la nne ndilo lililonimaliza, lakini nimekuwa mzee wa kanisa Usangi, na kitabu cha ubatizo nimekishika kwa mikono hii. Nikamwomba anionyeshe watoto wa Jacob. Akanionyesha. Kiholanzi sikijui, ila mpangilio ni uleule: mtoto, baba, mama, wasimamizi. Mtoto wa kwanza wa kiume, Harmen. Wa kwanza wa kike, Annetje. Na wasimamizi wa ubatizo wa huyo mtoto Harmen waliandikwa Harmen Teunissen na Annetje Pieters.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Majirani tu. Si Van Noord. Posta inasoma jina la mwisho, Naftali. Miaka thelathini na mmoja nimesoma jina la mwisho."

"Bwana Alfred, kwetu Upare mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu yake. Na hapa anabatizwa Harmen, na Harmen mzima amesimama pembeni yake. Huyo ni jirani?"

Akausogelea ukurasa kwenye mashine.

"Lakini Teunissen..."

Nikachukua penseli, nikamwandikia kwenye kadi yake: Eliakimu. Chini yake, Naftali Eliakimu. Chini yake, Elinaja Naftali. "Niulize tena kama mimi ni mkwe."

Alfred akaisoma ile kadi kutoka juu mpaka chini. Akavua kofia ya posta. "Harmen, mtoto wa Teunis," akasema polepole. "Annetje, binti wa Pieter. Ameolewa na bado anaitwa kwa jina la baba yake. Mungu wangu, na hilo Van Noord wamekuja kulivaa baadaye!"

Akaurudisha mkanda nyuma kwa kasi mpaka mashine ikalia. Hakutafuta tena Van Noord. Alitafuta Jacob mtoto wa Harmen, na mwaka 1706, katikati ya ukurasa wenye doa la maji, akamkuta: Jacob, baba Harmen Teunissen, mama Annetje Pieters. Akapiga kelele. Mama mtunza chumba akaja mbio, akakuta wazee wawili wamekumbatiana na andazi liko juu ya meza.

Jioni alimpigia Margaret kwanza. "Sisi si uyoga!" akamwambia, akakata simu kabla hajajibiwa.

Jumapili mtoto akabatizwa Annetje, na Dinah akalitamka jina bila kusita, kwa maana ahadi ni ahadi, ingawa mumewe aliuliza mara mbili. Alfred aliomba mimi niwe msimamizi. Nikasimama na suti aliyoninunulia Elinaja, kisha nikaweka sahihi kitabuni: Naftali Eliakimu. Elinaja akaweka yake chini kama shahidi: Elinaja Naftali.

Alfred akainama kusoma, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Namwonea huruma mtu mmoja ambaye bado hajazaliwa," akasema. "Miaka mia tatu ijayo atazungusha mkanda mpaka vidole viote sugu, akikutafuta wewe na Elinaja kule Uholanzi."