Samaki Hawajabatizwa

Bosibori alikuwa akibadilisha maji ya samaki wakati shemeji yake, Obadiah, alipoingia kutoka hospitali, kofia mkononi. Hakuketi.

"Shemeji, weka hilo kopo chini."

Akajua. Mumewe, Mzee Alfayo Onchiri, alikuwa amelala katika Bwana asubuhi ile ya mwaka 1976. Bosibori alimalizia kumimina maji, maana ndivyo mzee alivyomwagiza, kisha ndipo akalia.

Hapo Nyaramba wengi walimjua Alfayo kwa lile tanki la kioo. Mzungu aliyemwajiri kule Nyansiongo alimwachia alipouza shamba baada ya uhuru, na Alfayo akalileta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, limefunikwa blanketi kama bibi harusi. Akalitia mchanga wa mtoni na mawe. Kisha akaenda ziwani, Kendu Bay, akarudi na samaki wadogo wawili, fulu, ndani ya debe: dume wa buluu mwenye mapezi mekundu, na jike wa rangi ya majivu. Alitamani kitu kimoja tu, awaone wakizaa mle sebuleni.

Jike akafa. Akaleta mwingine, naye akafa, mapezi yameraruka. Dume alikuwa akimfukuza kutwa nzima. Wavuvi walimshauri atie majike kadhaa kwa dume mmoja, lakini Alfayo alikuwa mzee wa kanisa.

"Nitawatengaje watu ushirika kwa kuoa wake wawili, halafu nifuge mitala nyumbani kwangu?"

Jirani yake Machogu, aliyetengwa kwa kosa hilohilo, alicheka hadi akashika mlango. "Mzee, kumbe hata samaki umewatia darasa la ubatizo!"

Jike wa tatu alipoanza kujibanza nyuma ya jiwe, Bosibori alichoka. "Baba Nyamoita, samaki hawajabatizwa. Unataka watoto, au unataka mazishi kila mara?"

Alfayo aliliombea jambo hilo. Sabato ilipopita, akashuka ziwani na debe.

Majike walipokuwa wengi, dume hakujua amfukuze yupi, na amani ikaingia. Kisha jike mmoja akaacha kula, kidevu kimevimba. Alfayo akachukua kopo amtoe, akidhani anaumwa. Bosibori akainama karibu na kioo.

"Mwache! Tazama mdomoni mwake, kuna macho."

Siku chache baadaye watoto walitoka mdomoni mwa mama yao, wadogo kama mbegu za wimbi. Dume akisogea, mama anafungua kinywa na wote wanarudi ndani mbio. Alfayo alicheka mpaka machozi, akaimba wimbo wa Sabato, ingawa ilikuwa Jumanne.

"Sasa umekuwa mwenzangu!" Machogu alimtania.

"Wangu ni mmoja," Alfayo akajibu, "na huyo peke yake hunishinda." Lakini alimpa Machogu fulu wachanga kwenye chupa ya mdomo mpana.

Alfayo walimzika Jumapili, upande wa kulia wa nyumba, kama ilivyo desturi. Mchungaji alisoma habari za ufufuo, kwaya ikaimba. Machogu alikuja na wake zake, wakasimama nyuma mpaka Bosibori alipowaita mbele. Bosibori akatupa udongo, Machogu naye akatupa, vijana wakafukia kaburi. Watu walikula, wakaingia kumpa pole mjane na kuwatazama samaki, wakaondoka kabla ya mvua.