Ekai Aliyekuja Kupanga Diski

Mkisema bibi amezeeka, anaota, semeni tu. Haya hayakuwa ndoto, wala hayakuwa usiku. Jua lilikuwa utosini, hapo Kakuma, miaka ya tisini inaelekea kuisha, na mimi nilikuwa na birika la chai mkononi. Jina la kila aliyekuwepo ninalo mpaka leo.

Nilikuwa nikipika chai na kufagia katika ofisi iliyotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao vitani. Majina ya watoto na kambi walizoko yalikaa ndani ya kompyuta moja kubwa, yenye diski sita zilizopachikwa kama droo. Diski zile ziligawana kila jina vipande vipande. Ukivuruga mpangilio wa diski, hakuna jina linalosomeka.

Aliyeuvuruga ni mkubwa wetu, Wekesa. Vumbi la Kakuma mnalijua. Alizichomoa zote azipulize, na vibandiko vya namba vilikuwa vimebanduka kwa joto. Akazirudisha kwa kubahatisha. Mashine ikamwuliza kama mpangilio ni huo, akabonyeza ndiyo. Majina yote yakapotea.

Na nje ya dirisha amesimama Achol, mama wa Kidinka kutoka Sudan. Jana yake alikuwa ameambiwa mwanawe Deng ameonekana, aje leo atajiwe kambi. Sasa Deng amepotea mara ya pili.

"Mama Chai, bado tu?"

"Bado, dada. Kunywa chai."

"Chai nimekunywa mpaka nimekuwa majani!"

Alicheka, lakini mikono yake haikuachia nondo za dirisha.

Wekesa aliita Lodwar kwa redio. Wakajibu kwamba fundi Ekai ametoka alfajiri, yuko njiani. Moyo wangu ukatulia. Ekai ni mtoto wa Nakiru, jirani yangu kule Lodwar. Nimembeba mgongoni huyo.

Mchana Ekai akaingia. Gari sikulisikia.

"Ejok, mama," akanisalimu Kiturkana.

"Ejok nooi, mwanangu! Shika maji kwanza."

Maji hakutaka. Akaomba tumbaku. Ekai, ambaye hakuwahi kuonja tumbaku! Nikafungua pindo la shuka yangu, nikanyoosha mkono.

"Weka chini tu, mama."

Nikaiweka sakafuni, miguuni pake. Niaminini, hata hapo sikushtuka. Ningeshtukaje, na mtoto ninamjua?

Akazichomoa zile diski, akawa anaweka kila moja sikioni, kama anayesikiliza tumbo la mbuzi mwenye mimba. Akamtazama Wekesa.

"Umewapanga ndugu bila kujua nani kifungua mimba?"

Wekesa akanywea. Ekai akazirudisha moja moja: huyu mkubwa, huyu anamfuata, mpaka zikawa tano. Ya sita akaiweka pembeni.

"Huyu amekufa. Wale watano wanajua sehemu yake, watamsemea. Nafasi yake iacheni wazi."

"Mashine yenye pengo?" Wekesa akauliza.

"Pengo linanyamaza. Maiti akiingia kati ya walio hai, atawachanganya."

Mashine ikaamka. Majina hayo, yanapanda kama siafu! Nikapiga vigelegele. Wekesa akamtafuta Deng, akampata, akakimbilia chumba cha redio na jina la kambi, nami nyuma yake na Achol. Ujumbe kuhusu Deng ukapokewa huko kambini. Kisha Lodwar wakaingia hewani wenyewe.

"Poleni, Kakuma. Fundi wenu hafiki. Gari lilisombwa na mafuriko ya mto, pale kwenye laga, asubuhi. Ekai tumemtoa, amefariki."

Wekesa akacheka, kicheko kibaya. "Ekai yupo hapa!"

Tukarudi mbio. Kiti kitupu. Sakafuni vumbi lilikuwa na nyayo zangu na za Wekesa, basi. Tumbaku ipo palepale. Ndipo nilipoelewa, maana kwetu Turkana ukipita penye kaburi la mtu wako unamwekea tumbaku chini. Anayepokea mkononi ni nani? Si aliye hai?

Nikamwambia Wekesa, tusiguse kitu, tuwaite kwanza akina mama wengine watafutiwe watoto wao. Alikuwa analia na jasho linamtoka.

"Mimi siwezi kupokea amri ya marehemu!"

Akaichukua ile diski ya sita, akaisukuma ndani ya pengo. Taa zikawaka nyekundu zote. Majina yakachanganyika, mtoto huyu na mama wa yule, halafu kioo cha mashine kikawa cheusi. Fundi wa Nairobi alikuja baadaye, akashindwa, akafunga begi lake bila kunywa chai.

Deng aliletwa. Achol alimkumbatia pale langoni, akamwachia ghafla, kwa sababu pembeni walikuwa wamesimama Nyibol, Adut, Abuk na Rebeka, ambao watoto wao hawakupatikana, wanawatazama. Miaka mingi akina mama hao walinishika kwenye bomba la maji: "Mama Chai, ulikuwepo. Wangu hukumwona akipita kwenye kioo?" Kusoma sijui vizuri. Ningewaambia nini?

Nilikwenda Lodwar kumpa Nakiru pole, nikamsimulia yote. Hakushangaa. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nguo zake zilikuwa zimelowa?"

"Zilikuwa kavu," nikamwambia. Akashukuru Mungu kwamba maji hayakumfuata mwanawe.

Basi ninyi mnaosoma, mkitembelewa na mtu wa namna hiyo, msimkimbie na msimbishie. Ogopeni baadaye. Aliyekufa asubuhi akatembea hadi kwenu kufanya kazi mchana, hiyo kazi haji kuirudia.