Minazi ya Swalehe na Karo la Sokoni

Mwajabu, msusi wa mikeka pale Kibiti, aliishi na mumewe Swalehe katika kiwanja kilichopakana na soko. Swalehe alikuwa amepofuka miaka kadhaa kabla ya mvua za Elnino, lakini uani kwake hakushikwa mkono. Minazi aliyoipanda ujanani ndiyo iliyomwongoza. Akigusa huu alijua mlango ulipo. Akigusa ule alifika kisimani, akateka maji, akamletea mkewe ndoo kwa tabasamu la mtu aliyerudi safari.

Mvua zile zilipokatika, kipindupindu kikaingia. Tangu biashara huria iliporuhusiwa, soko lilikuwa limefurika mitumba na wachuuzi, na choo chake kilikuwa kile kile kimoja, kimejaa hadi juu. Nasra, muuza samaki aliyezoea kumwekea Mwajabu kambamti, aliamka mzima. Jioni alikuwa marehemu.

Ndipo bwana afya, kijana mpole aitwaye Huseni, alipopiga hodi. Alieleza kwamba vyoo vipya vitajengwa, na uchafu wake utaingia kwenye karo chini ya ardhi, utulie na kuoza humo, maji yake yachujwe na kokoto kabla ya kuzama mchangani. Mteremko uliofaa ulikuwa kwao. Minazi ingekatwa na kisima kingefukiwa, kwa kuwa maji ya karo na ya kunywa hayakai jirani.

Mwajabu alikataa, wala hakutoa sababu. Sokoni wakasema anathamini nazi kuliko watu. Hakuwalaumu, kwani kila alipopita mahali alipokuwa akikaa Nasra, moyo ulimsuta.

Swalehe alipozisikia habari hizo, alimwita barazani.

"Mwajabu, umekataa kwa ajili yangu?"

Mwajabu aliinamia ukindu aliokuwa akiusuka.

"Alfajiri huwa nawasikia wanawake wakipita nyuma ya ukuta wetu kutafuta kichaka. Wananong'onezana wawahi kabla hakujakucha. Nasra naye alipita humo. Mimi nikipotea uani nitakuita wewe. Wao wamwite nani?"

Mwajabu alilia kimya kimya, ukindu umelala mapajani. Kesho yake alimfuata Huseni, akakubali, ila aliomba mnazi wa mlangoni usiguswe. Huseni akamwahidi, na ahadi akaitimiza.

Siku minazi mingine ilipoangushwa, Swalehe aliketi ndani. Kila kishindo kilimtikisa mabega, na mkewe hakumwachia mkono mpaka mashoka yaliponyamaza.

Mwaka uliofuata kipindupindu kilipita vijiji vya mtoni, sokoni hakikuingia. Lakini joto lilipozidi, harufu ya karo ilipenya hadi chumbani, na wateja wa mikeka hawakupenda kukaa. Huseni alirefusha bomba la kutolea hewa, ikapungua, haikwisha. Mwajabu alikuwa akifukiza udi, siku nyingine akinung'unika, siku nyingine akisahau.

Maji sasa waliyafuata ng'ambo ya barabara. Swalehe alikataa kubaki nyumbani. Aliweka mkono begani kwa mkewe, akabeba ndoo kwa mkono wa pili. Hawakuwahi kuongozana hivyo mbele za watu, na mwanzoni Mwajabu aliona haya. Baadaye akaanza kumsimulia njiani: duka lililopakwa rangi ya samawati, kanga mpya zilizotundikwa, basi la Utete lililosheheni magunia.

"Punguza mwendo, mke wangu," Swalehe alimwambia. "Sijamaliza kutazama."